Kipimo cha Mtu Hai

Muiruri hakuwa amelala. Alikuwa amefumba macho tu, kama wazee wafanyavyo baada ya chakula cha mchana ili wasisumbuliwe na mazungumzo, na ndiyo sababu alimsikia mkaza mwanawe akiingia chumbani bila viatu. Nekoye hakuwa mtu wa kuingia chumba hicho hivi hivi. Kawaida yake ilikuwa kubisha, kukohoa na kubisha tena hadi mtu achoke kumwambia karibu. Leo hakubisha. Alisimama kidogo kando ya kitanda, kisha kitu chepesi kikamgusa Muiruri utosini, kikapita karibu na sikio, kikashuka begani, kifuani, pajani, hadi kisiginoni. Alipofumbua jicho moja upana wa ukucha, alimwona mke wa mwanawe ameshika uzi wa katani kwa mikono miwili, uso ameugeuzia dirishani, midomo ikimchezacheza. Akafunga fundo. Akaukata uzi kwa meno. Akatoka kimyakimya kama alivyoingia.

Mtu mwingine angeinuka akauliza. Muiruri alibaki kama gogo, kwa sababu katika mtaa wote wa Kiamunyi hakuna aliyeijua maana ya uzi ule kumshinda.

Kiwanda cha mbao alichofanyia kazi kule Elburgon kilipofungwa, alifungua karakana yake na kuanza kutengeneza majeneza. Maiti haipelekwi karakana kupimwa. Watu wa nyumbani huipima kwa uzi, utosi hadi kisigino, wakafunga fundo, na mmoja wao akauleta uzi ule mfukoni. Kwa hiyo Muiruri aliujua msiba kabla ya chifu na kabla ya mchungaji. Alikuwa akimwona mtu anakuja kwenye ukungu, mkono umezama ndani ya koti, naye Muiruri anaiweka randa chini bila kuambiwa. Na alikuwa na sheria yake: uzi ukishatumika hauachwi juu ya meza, wala haurudi nyumbani ulikotoka. Unawekwa ndani ya sanduku, chini ya mto, uende na mwenyewe. Uzi ule si kipimo tu, alikuwa akiwaambia wateja waliomshangaa. Ni yule mtu, ametolewa nyama akabaki urefu.

Sasa yeye alikuwa ametolewa urefu akiwa bado na nyama yake, na urefu huo umo mfukoni mwa mwanamke ambaye hakumchagua.

Na hilo la kuchagua tuliseme wazi, kwa maana Muiruri mwenyewe hakulisema hata siku moja. Alitaka mwanawe Lewis aoe msichana wa Elburgon, mtu ambaye baba yake anajulikana na shamba lake linajulikana. Lewis akamletea Nekoye wa mtaa wa Bondeni, aliyezaliwa katika nyumba za manispaa, mjukuu wa mtu wa Bungoma aliyeletwa Nakuru na kazi ya reli. Muiruri alikula ng'ombe wa arusi akatabasamu kwenye picha. Lakini moyoni alimwekea yule binti alama ya kuuliza, na alama hiyo ilikuwa haijafutika.

Mguu ndio uliomleta kuishi nao. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa siku nyingi, na chini ya unyayo wa kushoto kidonda kilikuwa kimetokea kidogo kidogo kikakataa kupona. Daktari wa kliniki alisema mbele ya Lewis, kwa sauti ya mtu anayemkaripia mtoto, kwamba kidonda kioshwe na kufungwa upya kila siku bila kuruka, la sivyo mguu utakatwa. Lewis aliendesha lori la maziwa na alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Basi kazi ikamwangukia Nekoye. Kila asubuhi alileta beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaosha mguu wa baba mkwe wake huku anautazama ukuta. Hata siku moja hakumtazama usoni. Mwanzoni Muiruri alidhani anaona kinyaa. Baada ya uzi alielewa vingine kabisa: mtu asiyeweza kukutazama ana jambo.

Jioni hiyo alimpigia simu Kiarie, rafiki yake wa Elburgon, aliyefanya kazi naye kiwandani.

"Kiarie, niko na swali. Mtu anaweza pimwa akiwa hai?"

"Nani amepimwa?"

"Ni mimi. Bibi ya Lewis amenipima na uzi akifikiria nimelala."

"Yule wa Bondeni?"

"Yeye."

"Labda anakushonea suti." Kiarie alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Wewe Muiruri, hiyo si mchezo. Hiyo uzi iko wapi saa hii?"

"Sijui."

"Itafute. Ukiipata usichome, ukichoma umejichoma. Punguza tu. Sanduku ikikuwa fupi si inarudishwa kwa fundi? Hata kifo ikikuja, ipate haikutoshei irudi."

Kiarie alikuwa mtu wa msumeno, hajawahi kuuguza hata kuku. Lakini ushauri aliutoa kwa sauti ya mtu aliyeusomea, na Muiruri alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kile alichokwisha kukiamini.

Asubuhi yake beseni lilipoletwa, alivuta mguu chini ya blanketi.

"Wacha tu, Nekoye. Nitajiosha mwenyewe."

"Lakini Baba, daktari alisema—"

"Nimesikia vile alisema. Wacha hapo."

Nekoye aliliacha beseni akatoka kinyumenyume. Muiruri alijaribu kuinama. Tumbo lilimzuia, macho hayakufika chini ya unyayo, na kidonda chenyewe hakikuwa na maumivu ya kumwambia kiko wapi. Akamwagia mguu maji, akaupangusa juu juu, akavaa soksi. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu hapo, na Lewis akiuliza jioni mguu unaendeleaje, anaambiwa unaendelea poa.

Macho yake sasa yalikuwa kazini mchana kutwa. Alikumbuka bandeji za zamani, zile zilizonyonya maji ya kidonda chake, na akajiuliza zilikuwa zinaenda wapi. Alichungulia dirisha la nyuma akamwona Nekoye anazichoma ndani ya mkebe, ameinamisha kichwa, hata ndogo ya mwisho ikawa jivu. Kliniki ndiyo iliyomwagiza azichome, na Muiruri alikuwepo akiagizwa, lakini mtu akishaingiwa na shaka masikio yake husahau yalichosikia. Akaacha kula chakula alichopakuliwa peke yake. Alingoja Lewis arudi wale sufuria moja. Chai ya saa nne aliimwaga kwenye mche wa waridi nje ya dirisha, na ilimuuma kuimwaga, kwani Nekoye alikuwa anaitia tangawizi jinsi marehemu mke wake alivyokuwa akiitia. Lakini alisema asante kila mara. Heshima haikupungua hata chembe. Mgeni angeingia nyumba ile angesema hapa ndipo watu wanapendana.

Siku Nekoye alipoenda kununua mboga, Muiruri alijikokota hadi sebuleni. Nyuma ya mlango palining'inia kanzu nyeupe ambayo Nekoye huivaa kanisani kwake Bondeni, kanisa dogo la waumini wa kanzu wanaosali katika chumba cha kukodi na kupiga ngoma hadi majirani wakereke. Akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu. Uzi ulikuwamo, umeviringwa vizuri.

Aliunyoosha sakafuni. Ulikuwa ni yeye, hakuna ubishi. Mtu aliyepima watu maisha yake yote hawezi kukosa kuutambua urefu wake mwenyewe. Lakini ulikuwa umefungwa nyuzi za sufu za rangi. Upande wa kichwa palikuwa na sufu nyeupe. Kifuani, ya kijani. Mwisho kabisa, kwenye kisigino, nyekundu, nayo ilikuwa imelowa mafuta.

Muiruri alikaa chini akazisoma zile rangi kama mtu anayesoma barua ya kufutwa kazi. Nyeupe ni sanda, alijiambia. Kijani ni majani yatakayoota juu yake. Nyekundu hakuhitaji kuelezwa. Yote yaliingiana vizuri mno, na hapo ndipo penye hatari ya mambo haya, kwamba ukishaamua rangi moja inasema nini, zilizobaki hukuitikia.

Alichukua kisu cha jikoni. Kwanza alikipeleka upande wa sufu nyeupe, mkono ukakataa. Akauhamisha upande wa pili. Alikata upana wa kiganja kutoka kisiginoni, akaifungua sufu nyekundu, akaifunga tena kwenye mwisho mpya kwa fundo lile lile, akalivuta mpaka likafanana, maana hata katika woga fundi hapendi kazi mbaya. Kipande alikitupa chooni. Uzi akauviringa, akaurudisha mfukoni, akarudi kitandani akijipongeza.

Jumapili Nekoye alienda kanisani akiwa anaimba. Alirudi mapema kuliko kawaida, macho mekundu, kanzu ameikunja kwenye mfuko wa plastiki badala ya kuivaa njiani. Lewis alimuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu. Kichwa inaniuma tu."

Aliingia jikoni, na jikoni hakukusikika hata kijiko. Muiruri kwenye kiti chake alihisi furaha ikimpanda polepole, furaha ambayo hakutaka mtu aione. Mpango wao umegonga mwamba, alijiambia. Wiki hiyo alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu ahame Elburgon, na asubuhi moja hata alikunywa chai yote.

Mguu haukungoja furaha yake iishe. Lewis alipopata siku ya mapumziko aliingia chumbani kumsalimia baba yake, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara mbili.

"Baba, hii harufu ni ya nini?"

"Ni soksi."

"Soksi gani inanuka hivi? Hebu toa."

Muiruri alikataa. Lewis, ambaye tangu utotoni hakuwa amemgusa baba yake bila ruhusa, alimshika mguu akaivuta soksi mwenyewe, na soksi ikatoka na kitu ambacho hakikuwa soksi. Vidole vilikuwa vyeusi. Nekoye, aliyesimama koridoni, alijifunika mdomo kwa kanga akateremka ukutani hadi sakafuni.

Hospitalini hawakujadiliana sana. Walikata juu kidogo ya kifundo, wakasema ana bahati hawakupanda zaidi. Daktari alieleza kuwa ni sukari na kidonda kilichoachwa bila kuoshwa. Habari ya uzi hakuulizwa, na hakuna aliyemwambia.

Siku chache baadaye, saa ya kuona wagonjwa, Nekoye alikuja peke yake. Alikuwa amevaa sweta ya sufu ya rangi ya udongo, mkononi kikapu chenye chupa ya uji. Alisimama mbali kidogo na kitanda, akautazama ukuta kama kawaida yake, na Muiruri aliona jinsi alivyokonda.

"Baba, niko na neno. Nimelibeba mpaka limenishinda."

"Sema."

"Ni mimi nilikukata mguu."

Nekoye akaendelea, haraka, kama mtu anayetaka kuvuka kabla hajaogopa maji. Kanisani kwao, alisema, mgonjwa asiyeweza kufika hupimwa kwa uzi. Uzi unalazwa kwenye benchi la mbele katikati ya watu, na hapo mgonjwa anahesabiwa kuwa amekuja. Unawekewa rangi mahali pake. Nyeupe kichwani ili akili itulie. Kijani kifuani ili pumzi iwe mbichi. Nyekundu inafungwa pale penye ugonjwa, damu iite damu, itembee ifike. Kila Jumapili Mama Sitati, kiongozi wao, anaupima uzi kwa mkono wake kabla ya maombi, kwa sababu uzi ukirefuka ni dalili ya kupona.

"Ningekuuliza ruhusa," Nekoye alisema, "lakini ningekuulizaje? Kwetu bibi ya kijana haingii mahali baba mkwe analala. Hamguzi. Hamwangalii hata kwa macho. Hiyo kukuosha mguu nilikuwa naifanya nikiomba Mungu anisamehe. Sasa nikuambie ulale unyooke, nikupitishe uzi mwilini? Nikaona afadhali ukiwa umelala. Na kwa ile aibu nikaharakisha."

"Halafu?"

"Halafu Mama Sitati akapima akapata uzi imepunguka. Huku chini. Akaniuliza mbele ya watu wote, wewe umempunguza baba wa bwana yako? Nikasema hapana. Akasema basi ni nani? Wakanivua kanzu. Nikajua ni ile haraka, nilipima vibaya, nikaacha mguu nje ya maombi." Sauti ilimkatika. "Na kweli mguu ikaenda. Pale pale uzi iliisha, Baba. Nisamehe."

Muiruri alihisi aibu ikimpanda kutoka mahali ambapo mguu ulikuwa. Alimwona upya yule mwanamke mbele ya beseni, shingo ameipinda, akivunja miiko ya kwao kila asubuhi kwa ajili ya unyayo unaonuka. Wala si kinyaa wala si hatia. Alikuwa anamheshimu kwa njia pekee aliyofundishwa. Angeweza kunyamaza. Nekoye angeubeba mzigo ule hadi kaburini na asingeshuku kitu. Hilo alilifikiria, na alilifikiria kwa muda mrefu kuliko mtu mwema anavyopaswa, lakini ile sauti iliyokatika ilimkata maini.

"Hukupima vibaya," alisema. "Ulipima sawa. Mimi ndiye niliikata."

Nekoye alikishusha kikapu sakafuni.

Basi Muiruri akamweleza yote. Majeneza, watu waliokuja na mkono ndani ya koti, simu ya Kiarie, kisu. Alieleza akijua anamtua mzigo, akingoja kuona mabega yake yakishuka. Hata alijaribu kucheka kidogo. "Nilikuwa naogopa wewe, na wewe unaniombea. Wacha tusameheane, mama."

Mabega hayakushuka. Nekoye aligeuza uso kutoka ukutani, polepole, akamtazama machoni.

"Nani alikufunza, Baba?"

"Kufunzwa nini? Ni mambo tu ya kazi."

"Kuna kazi inafunza mtu kukata uzi ya mtu na kufunga tena isijulikane?"

"Nekoye, nilikuwa na hofu."

"Uzi ilikuwa na miisho mbili. Mbona hukukata ya kichwa?"

Jibu lilikuwepo, na wote wawili walikuwa wanalijua. Mtu haogopi kukata upande wa kichwa kama uzi ni uzi tu.

"Ulifikiria mimi nataka kukuua," Nekoye alisema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayejumlisha mambo. "Basi siku hiyo, kama kwa mfuko ungepata yangu, hiyo ungekata wapi?"

Alipaswa kusema nisingekata. Maneno ni mepesi, mtoto angeyasema. Lakini aliikumbuka siku ile, kisu mkononi na zile rangi sakafuni, akayatafuta maneno hayo akachelewa kidogo, na kule kuchelewa kukawa ndilo jibu.

Nekoye alitikisa kichwa taratibu. Akafungua chupa, akamimina uji kwenye kikombe, akakiweka juu ya kabati dogo mahali mkono wa mgonjwa ungefika bila kukutana na wake. Akamwuliza kama angependa mto uinuliwe. Akasema Lewis atakuja jioni. Alikuwa mpole, kila neno mahali pake, na Muiruri aliutambua upole ule mara moja, kwa kuwa ndio aliokuwa akiutumia yeye mwenyewe kusema asante kabla ya kumwaga chai.

"Kunywa ikiwa moto, Baba."

Alipogeuka kuondoka, mkono wa sweta ulinaswa na chuma cha kitanda. Aliuvuta ukatoka, akapiga hatua mbili tatu kuelekea mlangoni, kisha akasimama. Akarudi. Sufu ya rangi ya udongo ilikuwa imebaki imening'inia kwenye chuma, kipande kifupi tu. Akakibandua. Akaliinamia blanketi akatafuta, akapata nyuzi nyingine mbili zilizoanguka, akaziokota kwa ncha za kucha. Akaangalia sakafuni chini ya kitanda. Aliporidhika, alizitia zote ndani ya pochi yake, akafunga zipu, akamwambia Muiruri apone haraka.